Hodari wa kupima, wazito wa kuamua: huduma ya mazingira ya mabaraza ya mikoa Nyuzilandi

Mwenye nyumba au shamba Nyuzilandi kwa kawaida hulipa kodi ya ardhi kwa mabaraza mawili. La wilaya au jiji analijua: barabara, taka, mabomba. La mkoa wengi hulikumbuka siku mto unapofurika, au wanapokuta kibao cha "msiogelee" ufukweni. Tunalopitia hapa ni hilo la pili, na hasa kazi yake ya mazingira: kupima maji na hewa, kutoa vibali, kukagua, na kuwafikisha mahakamani wanaochafua.

Mabaraza ya mikoa yako 11, na yapo mengine machache, Auckland likiwemo, yanayobeba kazi zote mbili. Mfumo huu ulitokana na mageuzi ya 1989, na mipaka mingi ilichorwa kufuata mabonde ya mito. Kwetu huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote humu, kwa sababu anayemwaga uchafu mlimani na anayechota maji tambarare wanawajibika kwa ofisi moja. Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali ya 1991, ambayo kifungu chake cha 35 kinayataka mabaraza yafuatilie hali ya mazingira. Si hiari, ni wajibu.

Alama zetu: kupima, 8 kati ya 10. Kugeuza vipimo kuwa uamuzi, 4.

Kuogelea: rangi ya kijani ina umri wake

Mabaraza yote huweka takwimu zao kwenye tovuti ya pamoja iitwayo LAWA, na ukurasa wake wa kuogelea ndio unaotembelewa na watu wa kawaida. Majira ya joto maeneo mengi hupimwa mara moja kwa wiki. Mtoni na ziwani hutafutwa bakteria wa kinyesi aina ya E. coli, baharini enterokoki, aina nyingine ya bakteria hao. Kwa maji ya mito na maziwa, chini ya bakteria 260 katika mililita 100 ni salama, 260 hadi 540 ni tahadhari, zaidi ya hapo usiingie. Baharini mipaka ni 140 na 280.

Ili ujue namba hizo zinabeba nini, tazama sampuli inavyochukuliwa. Afisa ana fimbo ndefu yenye kibanio mwishoni kilichokaba chupa iliyotakaswa. Anafungua kifuniko bila kugusa mdomo wa chupa, anaizamisha ikiwa imeinama mpaka kama sentimita 20 chini ya uso wa maji, ndipo anaigeuza mdomo uelekee maji yanakotoka. Akichota juu juu atakusanya povu na takataka. Akigusa chini atatibua tope lenye bakteria waliolala humo. Chupa inaingia gizani kwenye boksi la barafu na inatakiwa ianze kupimwa ndani ya saa 24. Maabara nayo inahitaji karibu siku nzima ya kuotesha bakteria kabla ya kuhesabu. Kwa hiyo kijani unachokiona Jumamosi huenda ni maji ya Jumatano, na mvua ya Alhamisi usiku haimo.

Huo ndio udhaifu mkubwa wa kipimo cha wiki. Mvua kubwa husomba kinyesi cha mifugo na kufurisha mabomba ya majitaka, na mto uliokuwa safi unaharibika kwa saa chache. Mabaraza yenyewe yanashauri usubiri siku mbili hadi tatu baada ya mvua kubwa, na ushauri huo una nguvu kuliko rangi yoyote kwenye ramani. Auckland walilikabili tatizo hili kwa njia nyingine: tangu 2017 huduma yao ya Safeswim hutumia modeli inayotabiri hali ya maji kutokana na mvua, upepo na kujaa na kupwa kwa bahari, pamoja na taarifa za mabomba yanayofurika. Modeli hukosea, lakini hukosea kuhusu leo. Tungependa kuiona mikoani kote.

Halafu kuna jambo ambalo kipimo cha E. coli hakilioni kabisa: sianobakteria (mwani wenye sumu) zinazotanda juu ya mawe ya mto kama zulia jeusi au la kahawia, lenye harufu ya ukungu. Hustawi mto unapopungua, maji maangavu na ya vuguvugu, yaani siku zile zile ambazo bakteria wa kinyesi wako chini na ukurasa unang'aa kijani. Mwongozo wa kitaifa huanzisha tahadhari zulia likifunika 20% ya kitanda cha mto, na hatua kamili likizidi 50% au likianza kubanduka na kukusanyika ukingoni. Vipande hivyo vilivyobanduka ndivyo vinavyoua mbwa, maana harufu inawavutia nao huvila. Mwenye mbwa au mtoto mdogo asome onyo la mwani kwanza, bakteria baadaye.

Grafu ya mto na ngazi yake ya ajabu

Kwa mtu wa kilimo au mvuvi, kilicho bora kwenye tovuti za mabaraza ni grafu za mito. Nyingi hujisasisha kila baada ya dakika chache hadi saa moja, bila malipo na bila kujisajili.

Ila kituo hakipimi mtiririko. Kinapima kina cha maji, basi. Mtiririko hukokotolewa kwa jedwali linalolinganisha kina na ujazo, na jedwali hilo hutengenezwa na wataalamu wanaokwenda mtoni kupima kasi ya maji katika upana wote wa mto, mara kwa mara, katika viwango tofauti. Mito mingi ya Nyuzilandi, hasa ya Canterbury na Hawke's Bay, ina kitanda cha changarawe. Furiko moja likipita, changarawe inahama, na kina kile kile sasa kinamaanisha ujazo mwingine. Mpaka timu irudi kupima upya, grafu inadanganya kwa adabu zote. Ndiyo maana utaona mstari unashuka ghafla kama ngazi siku isiyo na tukio lolote. Mto haukupungua. Jedwali jipya ndilo limewekwa.

Si jambo la kupuuza, kwa sababu vibali vya umwagiliaji hufungwa kwenye namba hiyo. Mtiririko ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, wenye vibali wanapaswa kupunguza au kuzima pampu. Kosa la asilimia chache kwenye jedwali wakati wa ukame linaweza kuwazima wakulima wa bonde zima, au kuwaacha waendelee kunyonya mto usio na cha kutoa.

Dawa ipo, lakini imefichwa. Viwango vya kitaifa vya upimaji hukipa kila kipande cha data alama ya ubora: 600 ni nzuri, 500 ya wastani, 400 dhaifu, 300 imetengenezwa kwa makadirio, 200 haijahakikiwa, 100 haipo. Karibu kila unachokiona "sasa hivi" ni 200. Tovuti nyingi hazionyeshi alama hizo kwenye grafu ya umma mpaka uzitafute, na hapo tunakata alama bila huruma. Mtaalamu aliyehangaika kuipa data daraja la 400 hakufanya hivyo ili mtumiaji aisome kana kwamba ni 600.

Vituo pia hufa wakati wa shida. Kimbunga Gabrielle cha Februari 2023 kilipoipiga Hawke's Bay, umeme na mawasiliano vilikatika na baadhi ya vituo vya mito vikanyamaza katikati ya furiko. Ukiishi nyuma ya tuta la kuzuia mafuriko, usitegemee grafu ya kituo kimoja. Jua kituo kilicho juu yake, na jua maji huchukua saa ngapi kutoka huko hadi kwako.

Mita za maji: hapa mfumo umekomaa

Tangu kanuni za 2010, mwenye kibali cha kuchukua lita 5 kwa sekunde au zaidi lazima awe na mita. Usahihi unaotakiwa ni ndani ya 5% kwa maji ya bombani na 10% kwa mfereji wa wazi, na mita huhakikiwa kila miaka 5. Marekebisho ya 2020 yaliongeza kurekodi kila dakika 15 na kutuma kwa baraza kila siku, kwa awamu: wa lita 20 na zaidi kufikia Septemba 2022, wa 10 hadi 20 Septemba 2024, wa 5 hadi 10 Septemba 2026.

Kinachoharibika ni kile kile kila mkoa. Mita inafungwa karibu na kona au vali, maji yanafika yakizunguka, usomaji unapotea. Sehemu nyingi huhitaji bomba lililonyooka la urefu wa kama kipenyo mara 10 kabla ya mita na mara 5 baada yake. Mita zenye panga linalozungushwa na maji hukwamishwa na mchanga na majani, wakati za sumaku huvumilia zaidi. Kosa la aibu ni la kizidishio: mita inatuma mpigo mmoja kwa kila lita 100, kirekodi kimepangwa lita 1,000, na mkulima anaonekana mwizi wa maji mara kumi. Anayehakiki mita asiishie kulinganisha usomaji wa mita. Alinganishe pia na namba iliyofika kwenye kompyuta ya baraza. Betri na mtandao wa simu hukatika Januari, mwezi ambao pampu hazilali, na pengo la data la Januari humtia shaka mkaguzi yeyote.

Samadi ya maji ya zizi la kukamulia

Mashamba ya ng'ombe wa maziwa ndiyo yanayokaguliwa sana. Maji ya kuoshea sakafu ya zizi, yaliyochanganyika na kinyesi na mkojo, hukusanywa bwawani kisha hunyunyizwa malishoni. Mbolea nzuri, ikiwa udongo una nafasi ya kuipokea.

Mkaguzi huangalia nini? Bwawa lina nafasi ya kutosha? Ndama huzaliwa kuanzia Julai na Agosti, udongo ukiwa umelowa tepetepe, na mwenye bwawa dogo hulazimika kunyunyiza siku ambayo hakupaswa. Kinyunyizi kinatembea? Vile vinavyojivuta kwa kamba hukwama, hubaki mahali pamoja, samadi inatuama, inazama hadi kwenye mabomba ya kukausha shamba yaliyofukiwa, na dakika chache baadaye kijito cha jirani kinageuka kijani. Ndiyo maana kitambuzi kinachozima pampu kinyunyizi kikisimama kinafaa kuliko ahadi yoyote ya mwenye shamba. Halafu vali ya kuelekeza maji ya mvua: msimu usio wa kukamua inaelekezwa kijitoni ili mvua isijaze bwawa, ukamuaji ukianza mtu anasahau kuigeuza, na samadi yote inaenda mtoni. Kosa la sekunde tano, kesi ya mwaka mzima.

Matokeo hupewa madaraja: ametimiza, kasoro ndogo, ya wastani, kubwa. Juu ya hapo ipo ngazi ya adhabu: onyo, faini ya papo hapo, amri ya maandishi ya kusitisha, amri ya mahakama, mashtaka. Tangu 2020 baraza lina miezi 12 ya kufungua mashtaka badala ya 6, na hilo limesaidia, kwani kuthibitisha chanzo cha uchafu kunahitaji sampuli za juu na chini ya eneo, matokeo ya maabara na mahojiano.

Kasoro tunayoiona hapa ni ya kisiasa. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa serikali alichunguza mabaraza manne mwaka 2011 (Waikato, Taranaki, Southland na lile la Manawatū-Whanganui) akapendekeza madiwani wasihusike kabisa kuamua nani ashitakiwe. Ushauri wa wazi kabisa, kwani madiwani huchaguliwa kila miaka mitatu na jamii ile ile inayokaguliwa. Kabla ya kulisifu baraza lolote, uliza nani anasaini mashtaka.

Naitreti, ambako mfumo unachechemea

Hapa ndipo alama yetu ya 4 ilipotoka. Naitreti, kemikali yenye naitrojeni itokayo kwenye mkojo wa ng'ombe na mbolea, huzama taratibu, hufika kwenye maji ya chini ya ardhi, na huweza kuchukua miaka au miongo kabla ya kutokea kisimani au kwenye chemchemi. Canterbury hupima mamia ya visima kila majira ya kuchipua na kuchapisha matokeo, na mwelekeo wake umekuwa ukijulikana kwa miaka. Dharura ya naitreti ilitangazwa na baraza la mkoa huo Septemba 2025. Vibali navyo vinaweza kutolewa kwa muda wa hadi miaka 35, kwa hiyo namba mbaya inaweza kupatikana leo na ruhusa iliyoisababisha ikaendelea kwa kizazi kizima, isipokuwa baraza lifungue mapitio ya kibali.

Mabaraza kadhaa yaliegemea programu ya Overseer kukadiria naitrojeni inayovuja kila shambani, kwa kuwa hakuna anayeweza kuweka mita chini ya mizizi. Mwaka 2021 jopo la wataalamu lililoitishwa na serikali lilisema halina imani na makadirio hayo. Programu ilitengenezwa kumsaidia mkulima kupanga mbolea, ikapewa kazi ya kuwa mizani ya sheria. Lawama si ya programu.

Kwamba inawezekana kufanya vizuri, Taupō ni ushahidi. Baraza la Waikato liliwawekea wakulima wanaozunguka ziwa ukomo wa naitrojeni, mfuko wa umma wa kama dola milioni 80 ukanunua punguzo la 20%, na wakulima wakaruhusiwa kuuziana haki za kutoa naitrojeni. Kanuni zilikamilika 2011. Siri yake? Waliamua ziwa likiwa bado angavu, wakijua kuwa naitrojeni iliyo njiani chini ya ardhi ingali inakuja.

Mwenye kisima binafsi asikilize. Baraza halipimi kisima chako ili kukulinda wewe. Linapima mwenendo wa eneo. Peleka sampuli maabara mwenyewe, na moja iwe ya majira ya kuchipua, ambapo naitreti mara nyingi huwa juu. Soma kipimo kimeandikwaje: ukomo wa maji ya kunywa ni miligramu 11.3 kwa lita ukihesabu naitrojeni peke yake, au 50 ukihesabu naitreti nzima. Karatasi yenye 12 inaweza kuwa nafuu au hatari, kutegemea neno lililo pembeni. Kuchemsha hakuondoi naitreti, kunaikoleza. Chujio la kawaida la mkaa halisaidii. Mtambo wa osmosi, unaosukuma maji kupitia utando mwembamba sana, unasaidia. Kwa mtoto mchanga anayenywa maziwa ya unga, tumia maji mengine mpaka uwe na jibu.

Usishangae pia ukiona mto wenye 3 ukiitwa mbovu wakati maji ya kunywa yanaruhusu 11.3. Ukomo wa kulinda viumbe wa mtoni ni wastani wa kati wa 2.4 kwa mwaka. Samaki hawana mtambo wa osmosi.

Na bakteria wa visima si wa kudharau. Agosti 2016 huko Havelock North kinyesi cha kondoo kiliingia kwenye visima vya maji ya mji baada ya mvua kubwa. Maelfu waliugua kampilobakta na vifo vinne vikahusishwa na mlipuko huo. Uchunguzi rasmi ulilikosoa baraza la mkoa kwa kutolinda chanzo cha maji ya chini ya ardhi ipasavyo, pamoja na baraza la wilaya lililoendesha visima. Ofisi mbili, kisima kimoja, na kila moja ikidhani nyingine inaangalia.

Hewa, kwa kifupi

Ukomo wa PM10, yaani chembe ndogo za moshi na vumbi hewani, ni mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na siku moja tu ya kuzidi inaruhusiwa kwa mwaka. Mchafuzi mkuu ni jiko la kuni la nyumbani usiku wa baridi usio na upepo. Vipimo ni vizuri, sheria za majiko zinaeleweka. Chembe ndogo zaidi, PM2.5, ndizo zinazopenya ndani kabisa ya mapafu, na kiwango cha kitaifa kimechelewa kuzijumuisha.

Ukitaka kuitumia huduma hii ipasavyo

Ukiona uchafu mtoni, piga simu ya saa 24 ya baraza la mkoa hapo hapo, usiandike barua pepe. Rangi ya maji hupotea ndani ya saa moja. Taja saa, mahali kwa vipimo vya GPS, harufu na rangi. Piga picha juu ya bomba, kwenye bomba, na chini yake. Usiingie shamba la mtu, na usihangaike kuchota sampuli yako kwa ajili ya kesi: bila kumbukumbu ya nani aliishika chupa kila hatua hadi maabara, wakili wa upande wa pili ataitupa nje.

Soma mwenendo wa miaka 10 kwenye LAWA kwa tahadhari. Daraja la E. coli hujengwa kwa sampuli zisizopungua 60 za hadi miaka 5, kwa hiyo marekebisho ya mwaka jana hayajaonekana humo. Sampuli za kila mwezi huchukuliwa mchana, wakati oksijeni ya mto iko juu. Samaki hukosa pumzi kabla ya alfajiri. Kama kijito chako kimejaa majani ya maji, uliza kama kuna kipima oksijeni kinachokaa majini usiku kucha.

Unapoomba data, taja sheria ya taarifa za serikali za mitaa ya 1987: baraza lina siku 20 za kazi kukujibu, na ukinyimwa bila sababu unakwenda kwa Msimamizi wa Malalamiko wa bunge. Usiombe "taarifa za mto". Omba jina la kituo, tarehe, kipimo kwa kizio chake, alama za ubora, tarehe za kubadilisha jedwali la mtiririko, na kiwango kidogo kabisa ambacho maabara iliweza kukisoma wakati huo, kwani maabara ikibadilishwa mstari huweza kushuka bila mto kuwa safi. Fanya hivyo mapema: mwishoni mwa 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuwaondoa madiwani wa mikoa na kuweka bodi za mameya, pamoja na kuibadilisha sheria ya 1991. Na sisitiza upewe jedwali la kompyuta, si PDF ya picha.